Somo: Antena iliyoliwa na chumvi, kuitafuta kasoro yake na kuijaribu upya nyumbani

Assalam aleikum wanachama wa redio za ridhaa, sisi tunaozungumza hewani kwa kupenda tu.

Niliahidi kueleza jinsi nilivyoifufua dipoli yangu (antena ya waya yenye mikono miwili, kebo ikiungwa katikati) ya bendi ya mita 40, yaani 7 MHz, ile iliyonyamaza katikati ya kusi. Nimechelewa, maana kila nikikaa kuandika nakumbuka jambo ambalo sijalijaribu na kupanda tena darini. Leo nimeteremka. Haya ni ya mtu anayekaa Lamu mjini, nyumba ya mawe, dari bapa, bahari vichochoro viwili tu kutoka mlangoni. Walio Malindi, Mambrui au Faza watakuwa na mabati, makuti au minazi badala ya dari, lakini chumvi ni ile ile.

Kabla hatujashika koleo, jambo moja. Antena ikizorota, wengi wetu hukimbilia kukata waya au kununua mpya. Waya wenyewe ni nadra kufa. Kinachokufa ni kiungo, na hasa zile sentimita chache za kebo pale inapofunguliwa ili iungwe na waya. Maji ya chumvi huingilia hapo. Kwa hiyo pima kwanza, kisu baadaye.

Vifaa ni vya kawaida: multimita, mita ya SWR (huonyesha nguvu inayorudishwa na antena: 1 ni kamili, ikipanda ni mbaya) au NanoVNA, kifaa kidogo kinachopima antena bila redio (kama huna, azima), koleo, kisu kikali, chuma cha lehemu na lehemu yake, tepu ya umeme, tyubu kuukuu ya baiskeli, ndimu mbili, mshipi na chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi. Ndimu na chubwi si mzaha, zamu yao itafika.

HATUA YA 1: Macho kwanza

Zima redio, chomoa kebo, panda. Tazama ncha za waya zinaposuguana na kamba. Tazama unga wa kijani kwenye shaba. Vile vifungo vya plastiki vyeupe ukivikunja vikavunjika kama biskuti, jua limevimaliza, weka vyeusi. Na kama mna kunguru kama wetu, kagua tepu yote, kwani wanaidonoa bila sababu yoyote ninayoijua.

Wakati uko juu, tazama pia nyaya za umeme za mtaa. Waya wako ukikatika unaweza kuzigusa? Au zenyewe zikianguka zitaugusa wako? Kama jibu ni ndiyo, acha kutengeneza, hamisha antena. Hapo hakuna mjadala.

HATUA YA 2: Ihoji kebo

Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fungua kebo ncha zote mbili. Weka multimita kwenye omu, gusa pini ya katikati na ganda la nje. Inatakiwa isome wazi kabisa. Ikisoma hata omu laki kadhaa, kuna unyevu ndani. Kisha upande wa pili unganisha pini na ganda kwa kipande cha waya, urudi kupima. Kwa mita 20 za RG-58, kebo nyembamba ya redio ya omu 50, utapata omu moja hivi, ukishatoa ile ya nyaya za mita yenyewe.

Vipimo hivi viwili hukamata kebo iliyokatika na kebo iliyogusana. Kebo iliyooza vinaipitisha. Yangu ilifaulu vyote viwili. Nikaiunga na antena, nikapima SWR: 1.4. Nzuri kuliko siku niliyoipandisha! Nikajipongeza, nikakaa kwenye redio, nikaita Nairobi. Kimya. Nikaita tena jioni, na kesho yake. Wenzangu wa Mombasa wakasema wananisikia kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

Kilichonidanganya ni hiki. Nguvu inatoka redioni ikipanda. Kebo ina unyevu na shaba yake imekuwa nyeusi, kwa hiyo sehemu kubwa inageuka joto njiani. Inayofika juu inakuta antena mbovu, inarudishwa, na ikishuka inaliwa tena. Mita iliyo chini mezani inaona kidogo mno kinachorudi, inasema mambo shwari. Kebo mbovu huifanya SWR ipendeze. Ukiona SWR nzuri kuliko ulivyoizoea, na hujagusa kitu, shuku.

Njia ya kuikamata ni rahisi. Iache ncha ya juu wazi, bila antena, kisha pima SWR kutoka chini kwa 7.1 MHz. Ncha iliyo wazi inatakiwa irudishe karibu kila kitu, kwa hiyo mita isome vibaya sana. Mita 20 za RG-58 nzima zitakupa zaidi ya 10. Ukisoma 6, kati ya wati 100 unazopeleka kama 70 ndizo zinazofika juu. Ukisoma 3, nusu imeliwa. Yangu ilisoma 2.3, maana yake wati 40 tu zilikuwa zinafika kwenye waya na nyingine zilikuwa zinaipasha joto kebo. Fanya kipimo hiki kwa NanoVNA ikiwezekana. Kama unatumia redio, shusha nguvu hadi wati 5 au chini yake na bonyeza kidogo tu, kwani redio haipendi kurudishiwa nguvu yake.

HATUA YA 3: Kata hadi shaba ing'are

Maji hayakai mlangoni. Yakishapata upenyo hunyonywa na zile nyuzi za ganda la kebo kama mafuta kwenye utambi. Nilikata sentimita 30 kutoka juu, nikachuna: nyeusi. Nikakata nyingine 30: nyeusi. Nilifika mita moja na nusu ndipo nikaona rangi ya shaba. Usione uchungu kukata. Nyuzi nyeusi hazishiki lehemu, utaiona inajikusanya kama tone la maji kwenye jani la yugwa, na ukilazimisha kwa moto utayeyusha plastiki ya ndani.

Waya wa antena wenyewe uliopata kutu kidogo unaweza kuokolewa. Bibi zetu walisugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu. Mimi natumia ndimu peke yake. Wengine wataongeza chumvi. Chumvi tunayo ya kutosha. Ukishasugua, osha kwa maji matamu mara mbili, si ya kisima cha magadi, kausha juani, na ulehemu siku hiyo hiyo. Ukiiacha tindikali ya ndimu hapo, baada ya mwezi mmoja utarudi ulikotoka.

HATUA YA 4: Kiungo cha katikati

Kipande cha bomba la PVC, urefu wa kiganja, matundu manne. Waya wa kila upande upite kwenye matundu mawili na kujifunga wenyewe, ndipo uungwe na kebo. Mvutano wote uwe kwenye PVC. Lehemu si kamba, na upepo wa kusi utakufundisha hilo usiku mmoja. Mbao usitumie. Hata mkoko, boriti yetu hii, ukilowa chumvi hupitisha umeme.

Chini kidogo ya kiungo weka choki: mita 6 hivi za kebo ile ile, zizungushwe mara 16 kwenye bomba la PVC la inchi 4, mzunguko ukae kando ya mwenziwe, zisirundikane. Kazi yake ni kuzuia nguvu isirudi ikitembea nje ya kebo. Dalili za kukosa choki ni mbili: ukishika kebo kwa mkono SWR inabadilika, na maikrofoni inakuuma mdomo ukirusha. Nani hajawahi kuumwa na maikrofoni?

HATUA YA 5: Ziba maji

Tabaka la kwanza tepu ya umeme, ili siku ya kufungua isiwe balaa. Juu yake mpira: ukiwa na tepu ya mpira inayojishika yenyewe, vizuri, ukikosa, kata tyubu ya baiskeli iwe utepe mwembamba, uvute kwa nguvu huku ukizungusha, kila zungusho lifunike nusu ya lililotangulia. Anza chini kwenda juu, kama makuti yanavyopangwa, ili maji yakiteremka yasikute mdomo. Juu kabisa tepu nyingine ya umeme ya kukinga jua. Halafu kabla kebo haijaingia ndani ya nyumba iache ining'inie iwe kama kitanzi, maji yadondoke pale chini yasifuate kebo hadi kwenye redio.

Onyo moja. Ile silikoni ya madirisha inayonuka siki, usiipake kwenye shaba. Harufu ile ni tindikali inayotoka wakati inakauka, na inakula shaba kimyakimya ndani ya kifuniko kizuri ulichojisifia. Nimefungua kiungo cha jirani kilichozibwa hivyo: nje safi kabisa, ndani kijani kitupu.

HATUA YA 6: Kupandisha

Mimi napandisha umbo la paa: katikati juu ya boriti iliyosimama darini, ncha mbili zikishuka huku na huku. Katikati iwe mita 9 au 10 kutoka chini, pembe kati ya mikono miwili isipungue nyuzi 90, na ncha ziwe zaidi ya mita 3 juu ya mtu. Kwenye ncha volteji ni kubwa wakati unarusha, mtoto asifike.

Weka kapi juu ya boriti na upitishe henza, kamba ya kupandishia, kama ya tanga. Usipande kila mara, teremsha. Mwenye mnazi badala ya boriti: funga chubwi kwenye mshipi, rusha kwa manati lipite juu ya shina la kuti, halafu vuta kamba nene kwa mshipi ule. Ngoja watu wapite kwanza, chubwi halina macho. Na upande wa mnazi kamba isikazwe. Ipitishe kwenye kapi na uning'inize chupa ya lita 5 yenye mchanga, mnazi ukiyumba chupa inapanda na kushuka, waya haukatiki. Omba mkwezi aondoe nazi zilizo juu ya waya.

HATUA YA 7: Urefu

Gawanya 143 kwa MHz unazotaka, utapata mita za waya wote. Kwa 7.1 ni mita 20.1, kila upande 10.07. Waya wa nyumba wenye ganda la plastiki unahitaji kuwa mfupi kidogo kuliko hesabu, lakini anza na mrefu. Mimi nilianza na 20.6. Baada ya kupandisha, SWR ilikuwa chini kabisa kwenye 6.85 MHz. Hesabu: 20.6 mara 6.85, gawanya kwa 7.1, inakuja 19.87. Kwa hiyo sentimita 36 zitoke kila upande. Lakini kunja kwanza, usikate: rudisha ncha juu ya waya wenyewe, ufunge, pima. Shaba laini ya dukani huvutika ikining'inia, na baada ya wiki mbili utakuta masafa (frikwensi) yake yameshuka tena kidogo. Aliyekata siku ya kwanza atajuta au atabahatika, aliyekunja atarekebisha kwa vidole.

Dipoli ya mita 40 ina zawadi: inafanya kazi pia kwenye mita 15, kwa sababu 21 ni mara tatu ya 7. Haitakuwa kamili, lakini utaongea.

JARIBIO: Chumvi ikiwa upande wako

Baada ya kuilaani chumvi kurasa zote hizi, haki yake pia itajwe. Kwa antena iliyosimama wima, hakuna ardhi bora kuliko maji ya bahari. Mchanga mkavu hupitisha umeme vibaya mno, maji ya bahari hupitisha maelfu ya mara zaidi. Wimbi linalotoka kwenye waya wima likigonga maji linaakisiwa kama kwenye kioo na kuondoka chini chini karibu na upeo, na hilo ndilo linalofika mbali.

Kwa bendi ya mita 20 unahitaji waya wa mita 5.04 uliosimama (71.3 gawanya kwa 14.15), ufungwe kwenye fimbo ya kuvulia ya faibaglasi au mwanzi mkavu. Ganda la kebo liungwe na nyaya mbili za urefu ule ule, zitandazwe kushoto na kulia mita moja hivi juu ya mchanga. Simamisha ukingoni kabisa mwa maji. Ukirudi nyuma mita 50 kwenye mchanga, faida kubwa imeshapotea.

Nililinganisha hiyo na dipoli ya mita 20 iliyo darini kwa WSPR, programu iliyotungwa na Joe Taylor, yule aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1993 kwa mambo ya nyota. Redio inatuma ujumbe mfupi kwa dakika mbili kwa nguvu ndogo, na vituo vya dunia vinavyousikia vinaandika mtandaoni vimeupokea kwa desibeli ngapi. Dakika kumi antena hii, dakika kumi ile, kurudia jioni nzima, kwa sababu anga inabadilika na jaribio la mara moja halikuambii kitu. Ulaya na Australia, waya wa pwani ulishinda kila zamu. Nairobi, ambayo ni zaidi ya kilomita 450, haikuusikia hata mara moja, kwani wimbi lilipita juu yake. Kwa Nairobi bado dipoli ya mita 40 isiyo juu sana ndiyo yenyewe, inayorusha juu utosini na kurudi chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Malindi: Mwalimu, nyumba yangu ni mabati matupu, na dipoli siwezi kuinua zaidi ya mita mbili juu yake. SWR haikai. Nifanyeje?

Ndugu yangu, mita mbili juu ya mabati ni kama kuifunga antena kwenye sufuria. Mabati yanahamisha masafa yake na kuila nguvu. Geuza shingo: yatumie mabati kama ardhi. Simamisha waya wa robo ya wimbi, kama ule wa jaribio la pwani, katikati ya paa, pini ya kebo iende kwenye waya, ganda liende kwenye mabati kwa skrubu tatu nne, ukikwangua rangi na kutu kwanza. Lakini mabati yenye kutu yanapogusana hufanya kama dayodi mbovu, yanazaa kelele na kuvuruga televisheni za jirani. Unganisha karatasi na karatasi kwa vipande vya waya pale unapofika. Ukisikia kelele inayobadilika upepo ukitikisa paa, ni hapo.

Kutoka Faza: Ami, mimi sina NanoVNA wala mita ya SWR, na leseni bado. Nianzie wapi?

Anza na kusikiliza, mwanangu. Kurusha bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa, usijitie humo. Kwa kusikiliza, waya wa mita 15 au 20 uliotupwa kwenye mnazi unatosha, na vipimo vya multimita nilivyoeleza Hatua ya 2 utavifanya sawasawa. Ukitaka kulinganisha antena mbili bila mita, chagua kituo kinachosikika hafifu kila siku, badilisha antena upesi, na utazame si ukubwa wa sauti bali tofauti kati ya sauti na kelele. Antena inayoongeza vyote viwili pamoja haijakupa kitu. Siku ukifika Lamu mjini, mita yangu nitakuazima.

Kutoka Langoni: Hodi hapa. Mimi si wa redio, ni mke wa mwanachama. Bwana anasema kelele kwenye redio yake zinatoka kwenye taa zangu za sola. Ni kweli au anatafuta kuzizima?

Karibu Bi mkubwa. Inawezekana kabisa, ila apime kabla ya kulaumu, kama kebo. Aiunge redio na betri, kisha azime umeme wote wa nyumba. Kelele zikibaki, ni za jirani. Zikiondoka, awashe kimoja kimoja. Mara nyingi si taa yenyewe bali kile kisanduku kinachodhibiti chaji ya sola, au chaja ya simu ya bei rahisi. Nyaya za sola azisokote pamoja ziwe fupi na azipitishe mara kadhaa kwenye pete ya ferraiti karibu na kisanduku. Antena nayo isogezwe mbali. Na kwa kuwa kusikiliza kwake ni saa mbili jioni, chaja za simu zinaweza kungoja. Hukumu ya taa namwachia Bi.

Kutoka Mpeketoni: Nina mita 50 za kebo ya dishi, RG-6, iliyobaki kwenye kazi. Naweza kuitumia badala ya RG-58?

Ndiyo, na nguvu itakayopotea ni ndogo kuliko ya RG-58. Ni ya omu 75, dipoli iliyonyooka ni omu 70 na kitu, zinapatana vizuri. Redio ya omu 50 itaona SWR ya 1.5 hivi, haidhuru. Tatizo ni ganda lake, ni alumini, halishiki lehemu. Tumia plagi za F za kubana, kisha kiunganishi cha kugeuza. Hapo alumini inapokutana na shaba, na hewa ya chumvi ikafika, alumini inageuka unga mweupe. Kwenu Mpeketoni bahari haiko dirishani kama kwetu, una nafuu, lakini ziba kama nilivyoeleza.

Kutoka Malindi tena, mwingine: Kuna dishi kuukuu la televisheni nyuma ya nyumba. Nasikia kuna satelaiti ya redio za ridhaa?

Ipo, inaitwa QO-100, ilirushwa Novemba 2018 na imekaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 26 mashariki, haitembei. Kwetu pwani iko karibu utosini: kutoka Malindi utaelekeza magharibi, ukielemea kaskazini kidogo, nyuzi 73 hivi kutoka upeo. Dishi la duara kamili litalala karibu kama sahani mezani, kwa hiyo toboa tundu dogo chini, la sivyo mvua ya Mei italigeuza birika. Kwa kusikiliza, kile kichwa cha kawaida cha televisheni kinatosha: satelaiti inarusha kwenye 10,489.5 MHz na kuendelea, kichwa kinapunguza 9,750, kwa hiyo utaitafuta karibu na 739.5 MHz kwa kipokezi kidogo cha SDR (redio inayoendeshwa na programu) na kompyuta. Kupima dishi ni kazi ya subira, sogeza upana wa kidole, ngoja, sogeza. Nyinyi mna damu ya satelaiti hata hivyo. Mbele ya Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco, ndipo iliporushwa satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina la sikukuu yetu.

Kutoka Mkomani: Radi je? Napenda kusikiliza wakati wa mvua.

Usipende. Ukisikia ngurumo, chomoa kebo redioni na uitoe nje ya dirisha, si kuiacha juu ya meza. Kuzima swichi peke yake hakusaidii.

Kutoka Shela: Nilijaribu ule waya wa pwani. Saa kumi SWR ilikuwa 1.3, saa kumi na mbili imefika 2 na masafa yamehama. Nimekosea wapi?

Hukukosea. Maji yalikuwa yanajaa. Zile nyaya mbili za chini zilipokuwa mita moja juu ya mchanga mkavu zilikuwa na masafa yao. Maji yalipofika chini yake yakazisogelea na kuzishusha. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, pwani yetu maji hupanda kama mita 3, kwa hiyo ile mita moja yako inaisha upesi, na nyaya zikigusa maji ni habari nyingine kabisa. Njia mbili: ziinue hadi mita mbili na ukubali fimbo ndefu, au chagua siku za maji mafu, yanapotembea kidogo. Mimi nafunga fimbo kwenye mashua iliyotia nanga, inapanda na maji na SWR haijui kama kuna kujaa wala kupwa. Jumamosi hii nitakuwa upande wa jeti alasiri. Njoo na fimbo yako, chubwi ninazo za kutosha.